Aliyeficha Rangi Yake Ili Ashike Kamera

Nilihitaji picha nne za paspoti kwa ajili ya fomu ya kuombea kazi. Nikaingia studio moja ya mtaani kwetu, nikakaa kwenye stuli, nikaangalia mbele, taa ikamulika, basi. Baada ya dakika kumi kijana akaniletea bahasha. Kuifungua, nakuta dada mmoja mweupe ananitazama! Kovu langu la kwenye nyusi limefutwa, ngozi inang'aa kama ya mtu aliyeogeshwa maziwa. "Nimekusafisha kidogo, dada," akaniambia kwa upole kabisa, kama mtu anayesubiri asante. Nikalipa, nikaondoka. Ofisini nilikopeleka fomu, mama wa mapokezi alitazama picha, akanitazama mimi, akairudia tena picha, akaniuliza, "Huyu ni nani yako?"

Nilicheka siku ile, lakini usiku sikucheka. Nilikuwa nimeazimwa kitabu kuhusu mpiga picha mmoja wa kike, Mmarekani Mweusi, na jina lake lilikuwa limeshaanza kunisumbua. Florestine Perrault Collins. Ndugu msomaji, ndoto yangu ni kuandika riwaya, na siku moja nataka kumwandika mwanamke wa namna hiyo. Ila kabla sijaanza kubuni, naona ni adabu kwanza kusimulia yaliyotokea kweli.

Alizaliwa mwaka 1895 katika mji wa New Orleans, jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani, mtoto wa kwanza kati ya watoto sita. Kwao walikuwa Wakrioli, watu wenye damu ya Afrika iliyochanganyika na ya Wafaransa na Wahispania, Wakatoliki, wengi wao mafundi: waashi, washona viatu, wakunja sigara. Wengine walikuwa weusi kama mimi, wengine ukikutana nao njiani huwezi kuwatofautisha na Mzungu. Florestine alikuwa wa hao wa pili.

Hapo lazima nisimame kidogo, maana bila jambo hili hadithi haieleweki. Mwaka 1892, katika mji huo huo, mshona viatu wa Kikrioli aitwaye Homer Plessy alipanda behewa la Wazungu makusudi, ili akamatwe na sheria ya ubaguzi ipelekwe mahakamani. Alikuwa mweupe kiasi kwamba ilibidi aseme mwenyewe kuwa yeye si Mzungu, la sivyo safari ingeendelea tu! Kesi ilifika hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1896 majaji wakaamua kwamba kuwatenga watu kwa rangi si kosa, mradi huduma ziwe sawa. Zilikuwa sawa kwenye karatasi. Florestine alikuwa hajaanza hata kusema vizuri, na tayari imeshaamuliwa atakaa wapi kwenye treni.

Mwaka 1909, akiwa na miaka 14, aliacha shule ili asaidie nyumbani. (Mimi niliishia kidato cha nne nikajiona nimeonewa na dunia. Yeye hata huko hakufika.) Msichana Mweusi wa miaka hiyo kazi zake zilijulikana: kufua nguo za watu, kupika jikoni kwa watu, kulea watoto wa watu. Yeye akataka kamera. Lakini wapiga picha Wazungu wasingempokea msichana Mweusi awe msaidizi wao. Akafanya walichofanya Wakrioli wengi weupe waliokuwa na njaa ya kazi: akaingia kama Mzungu. Hakuulizwa, hakusema.

Nimejaribu mara nyingi kuwaza siku moja ya maisha yake ya wakati ule. Asubuhi anatoka kwao ni binti wa Perrault, Mweusi. Akifika kazini ni Mzungu. Mdogo wake akipita nje ya dirisha, je, amsalimie? Wateja wakianza kuwasema Weusi vibaya, naye anashikilia taa, afanye uso wa namna gani? Hayo ni mawazo yangu tu, hayako kitabuni. Ila najua kwamba kila alichojifunza hapo, kuweka mwanga, kusafisha negativu, kumtuliza mtoto asitikisike, alijifunza akiwa amejificha. Kuna watu watasema alijikana. Mimi siwezi kusema hivyo, kwa sababu naona alikwenda kufanya nini na ujuzi ule.

Mwaka 1920 alifungua studio yake. Wapi? Sebuleni kwake! Na wateja wake walikuwa Weusi. Katika sensa ya mwaka huo, kati ya Wamarekani Weusi zaidi ya milioni 10, wanawake 101 walijiandikisha kuwa ni wapiga picha. Katika New Orleans alikuwepo mmoja tu, yeye. Wanaume Weusi walikuwepo kwenye fani, kama Arthur Bedou, aliyesifika kwa picha za Booker T. Washington. Lakini mwanamke, na duka lake mwenyewe, hapana.

Sasa wewe unaweza kusema, picha ya mtoto wa komunyo ya kwanza, shela kichwani na mshumaa mkononi, ina ajabu gani? Hebu fikiria picha nyingine zilizokuwa zikizunguka Marekani wakati ule. Postikadi za watoto Weusi wakichekeshwa na matikiti maji. Mama Mweusi mnene, kitambaa kichwani, anachekelea kwenye pakiti ya unga wa Aunt Jemima, kana kwamba alizaliwa ili apike kifungua kinywa cha mtu mwingine. Hiyo ndiyo sura iliyouzwa madukani. Halafu njoo sebuleni kwa Florestine: mama amekaa na watoto wake, gauni lake, kiti, ua, macho yamenyooka kwenye kamera. Hampikii mtu. Hamchekei mtu. Amelipa pesa yake aonekane anavyojijua.

Na bibie alikuwa mfanyabiashara hasa, tusimfanye mtakatifu. Alitangaza magazetini, akiwagusa wazazi moyoni kuhusu watoto wanaokua haraka, na kwenye tangazo akaweka picha yake mwenyewe, maana alijua kuna mama wengi waliodhani mwanamke atampiga mtoto picha nzuri kuliko mwanamume. Hilo ndilo linalonifurahisha kuliko yote. Sura ile ile iliyomlazimu kunyamaza kwenye studio za Wazungu, sasa imechapishwa gazetini iite wateja Weusi.

Ndoa yake ya kwanza, na bwana Bertrand, ilivunjika. Studio haikuvunjika, ilibadilishwa jina tu alipoolewa na Collins. Kutoka nyumbani alihamia North Claiborne, barabara pana ya Wakrioli yenye miti mikubwa katikati, na mwaka 1934, uchumi wa dunia ukiwa umelala chali, akathubutu kwenda South Rampart, mtaa wa biashara wa Weusi. Huko kulikuwa na maduka ya nguo, vinyozi, muziki. Ndio mtaa ambao Louis Armstrong alipokuwa mtoto alifanya kazi kwa familia ya Karnofsky, kabla dunia haijamjua kwa tarumbeta. Studio ya mwanamke ikasimama hapo, katikati ya wenye mali na wenye vipaji. Vita vya Pili vilipokuja, wanajeshi wakaja na sare zao kupiga picha za kuwaachia mama na wachumba. Jeshi lenyewe lilikuwa la ubaguzi, amri ya kuuondoa ilitoka mwaka 1948. Lakini kwenye picha hakuna aliyetengwa na mtu.

Mwaka 1949 alifunga kazi, akahamia Los Angeles. Baadaye alirudi New Orleans, na alifariki mwaka 1988. Kitabu nilichoazimwa kilitoka mwaka 2012, na mwandishi wake, Arthé Anthony, ni mjukuu wa ndugu yake. Maana yake ni kwamba kama ukoo usingetunza, mimi nisingemjua. Picha zake nyingi hazikwenda makumbusho, zilikwenda ukutani na kwenye maboksi chini ya vitanda. Miti ya Claiborne ilikatwa mwaka 1966 ili barabara kuu ipite juu. Mwaka 2005 kimbunga Katrina kikafunika kwa maji sehemu kubwa ya mji, na kati ya vitu ambavyo watu walilia navyo kwenye nyumba zilizooza ni albamu za picha.

Wiki iliyopita nilirudi kwa yule kijana. Nikamwambia anipige upya, na safari hii asisafishe chochote.

"Hata kovu?"

"Hata kovu."

Akapiga. Nikatoka mweusi tii, macho na meno tu. "Unaona?" akasema, "ndiyo maana huwa nasafisha." Nikatazama taa yake, imeelekezwa kwenye ukuta mweupe nyuma yangu, mimi nimebaki gizani. Nikamwomba tuisogeze. Akaguna, lakini akainuka, akaibeba. Tulirudia mara nne.