Kisu cha mfukoni: tazama kifungio kabla ya makali

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Hatubishani nao. Lakini methali hiyo haikutueleza mwenye kisu alikibeba vipi alipokuwa njiani kuifuata nyama yenyewe. Wiki hii tuzungumzie chombo kidogo ambacho watu wengi wa mjini wanacho mfukoni au kwenye mkoba: kisu cha kukunja. Fundi umeme anakihitaji kumenyea waya, mwenye duka kukatia kamba za maboksi, na msafiri kumenyea chungwa lake ndani ya basi. Ukifika mezani kwa mchuuzi utavikuta vya kila rangi, vingine vina vyuma kumi na zaidi. Je, mnunuzi atazame nini kwanza? Jibu lake limo katika historia ya kisu chenyewe.

Kisu cha kawaida hulala ndani ya ala. Kisu cha kukunja kimeifanya mpini kuwa ndiyo ala. Fikra hiyo si ya jana. Huko Hallstatt, nchini Austria, kilipatikana kisu cha kukunja chenye mpini wa mfupa, na umri wake unakadiriwa kuwa miaka 2,500 au zaidi. Na katika Jumba la Makumbusho la Fitzwilliam, mjini Cambridge, Uingereza, kimo kifaa cha Kirumi cha karne ya 3 chenye kisu, kijiko, uma na vijiti vingine, vyote vinakunjika. Basi anayedhani kwamba kisu chenye vyuma vingi ni ujanja wa viwanda vya siku hizi, na ajue kwamba Warumi walikwisha kuwa nao.

Lakini, ndugu msikilizaji, kisu cha kukunja kina ugonjwa wa kuzaliwa nao. Mahali pale kinapokunjika ndipo penye udhaifu wake. Ukikisukuma vibaya, au ukichoma kitu kigumu kwa ncha, kinaweza kujifunga kikiwa kazini, na vidole vyako ndivyo vitakavyokuwa katikati. Kwa hiyo historia ya kisu hiki, kwa sehemu kubwa, ni historia ya mafundi waliotafuta dawa ya ugonjwa huo.

Tuanze na Savoie, eneo la milima nchini Ufaransa. Mwaka 1890 kijana wa miaka 18, Joseph Opinel, mtoto wa mhunzi aliyetengeneza mashoka na zana za shamba, alitengeneza kisu chepesi cha kukunja: mpini wa mti na kipande kimoja cha chuma cha pua. Mwaka 1897 alikuwa anavitoa kwa saizi 12, kuanzia namba 1 hadi namba 12, ili kila mtu achague kinachoutosha mkono wake. Kisu hicho kilipendwa na wakulima kwa sababu kilikuwa rahisi kukinoa na bei yake haikuwa kubwa. Hata hivyo kwa miaka 65 hakikuwa na kifungio chochote. Kilishikiliwa na mbano wa mti tu. Ni mwaka 1955 ndipo ukoo huo ulipokiongezea pete ya chuma inayozungushwa shingoni mwa mpini. Ukishaizungusha, kisu hakijifungi mpaka wewe mwenyewe uirudishe pete. Dawa ndogo, lakini imeokoa vidole vingi.

Sasa tuvuke mpaka twende Uswisi. Katika mwaka 1891 jeshi la nchi hiyo lilikuwa limeamua kumpa kila askari kisu cha kukunja chenye bisibisi ya kufungulia bunduki mpya na kifungua kopo cha kufungulia chakula. Aibu iliyowapata Waswisi ni kwamba visu vya kwanza vilibidi viagizwe Solingen, Ujerumani, kwa kuwa hapakuwa na kiwanda cha Uswisi kilichoweza kutengeneza vingi namna hiyo. Fundi mmoja wa kijiji cha Ibach, Karl Elsener, aliona jambo hilo si la kuvumilia. Aliwakusanya mafundi wenzake wafanye kazi hiyo nyumbani. Wajerumani waliuza kwa bei ya chini zaidi, wenzake wakajitoa mmoja mmoja, naye nusura afilisike.

Kilichomwokoa ni kisu kingine. Tarehe 12 Juni 1897 aliandikisha kile kilichoitwa kisu cha maofisa, chepesi kuliko cha askari, chenye vyuma pande zote mbili za mpini vinavyotumia springi zile zile. Baada ya mama yake, Victoria, kufariki mwaka 1909, alilichukua jina lake liwe alama ya kiwanda. Mwaka 1921, chuma kisichoshika kutu kilipoanza kutumika, likaongezwa neno la Kifaransa la chuma hicho, na jina likawa Victorinox. Zingatia kwamba katika kisu kile cha maofisa springi hushikilia tu, haifungi. Ni kisu cha kukatia kwa uangalifu, si cha kuchomea.

Na sisi Waafrika je? Mwaka 1902 huko huko Solingen kilianza kutengenezwa kisu cha kuuzwa katika makoloni ya Ujerumani barani Afrika, ambapo Tanganyika ilikuwa mojawapo. Kilipewa jina la okapi, yule mnyama wa msitu wa Ituri, Kongo, ambaye wataalamu wa Ulaya walikuwa wamemtambua mwaka 1901 tu, ingawa Wambuti wa msitu ule walimjua tangu zama. Mpini wake ni wa mti, umepambwa kwa miezi na nyota za bati, na shingoni kina kipete. Ukikifungua kinalia kra-kra-kra, kila jino linajishika. Kukifunga ni lazima uvute kipete. Tangu miaka ya 1980 alama hiyo imekuwa mali ya kiwanda cha Afrika Kusini. Bei yake ni ya mtu wa kawaida na kimemenya mengi mashambani.

Lakini kisu hicho kina historia nyingine pia. Katika mitaa ya Afrika Kusini, na mbali kule Jamaika, kimejulikana kama silaha ya wahuni. Kosa si la chuma. Ni la mkono. Hata hivyo sheria huutazama mkono kwa kupitia chuma. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1988, inamruhusu mtu kutembea na kisu cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3. Baadaye mahakama za huko zikaamua kwamba kisu chenye kifungio hakihesabiwi kuwa cha kukunja. Mwenye nacho ni lazima awe na sababu ya haki ya kukibeba. Tazama mkanganyo huo: kile kinachokilinda kidole cha fundi ndicho kinachomtia mashaka askari polisi. Na baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 nchini Marekani, visu vilipigwa marufuku ndani ya ndege, na mauzo ya Victorinox yakaanguka vibaya sana.

Basi, ndugu msikilizaji, tukirudi mezani kwa mchuuzi, historia inatushauri hivi. Kwanza jiulize kazi yako. Kama ni ya nguvu, kukata matawi au kutoboa ngozi, chagua chenye kifungio, ukifungue, ukibonyeze mgongo wake taratibu uone kama kinalegea. Kikilegea kikiwa kipya, kiache hapo hapo. Kama ni ya kumenya matunda na kufungua bahasha, kidogo cha springi kinatosha, tena hakiwatishi wenzako. Pili, chuma. Kinachoshika kutu mara nyingi hunoleka upesi, lakini kifute kila umalizapo, hasa wewe unayeishi karibu na bahari. Kisichoshika kutu hakitaki matunzo mengi. Tatu, usihesabu vyuma. Hesabu vile utakavyovitumia. Elsener aliweka bisibisi kwa sababu ilikuwapo bunduki ya kufunguliwa.

La mwisho, usikiache kikawa butu. Kisu butu hulazimisha nguvu, na nguvu ndiyo inayoteleza. Jiwe la kunolea halina gharama kama ya kushona kidole. Na ukitoka kazini usiku kwenda mahali penye ngoma na pombe, kiache nyumbani. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, ni kweli, lakini nyama hiyo isiwe ya mwenzake.