Wewe Mtoto wa Nani? Pangani na Swali la Mji Mdogo

Pantoni ilikuwa haijafika ng'ambo ya Bweni, na mzee aliyesimama karibu yangu alikuwa ameshanitazama usoni mara tatu. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe mtoto wa nani?"

Nikamtajia marehemu baba. Yeye akanitajia babu, kisha akanitajia na mnazi ambao babu aliwahi kuanguka akitafuta madafu, akacheka peke yake. Tuliposhuka, akamwambia kijana wa bodaboda asinitoze nauli: "Huyu wa kwetu."

Ndio Pangani hiyo. Dar es Salaam nina mwaka wa kumi na mbili, na jirani tunayepakana naye ukuta simjui hata jina. Kila nikienda likizo mama ananiuliza lini nitajenga. Kiwanja kipo. Namjibu "Inshallah", na sote wawili tunajua maana yake. Nimejaribu kuelewa kwa nini sina jibu, nikajikuta narudi karne ya 19, maana swali la yule mzee lina umri mkubwa kuliko wake.

Kwanza, Pangani haikuzaliwa mji mdogo. Burton na Speke walipofika mwaka 1857, ilikuwa bandari ya kuhesabika katika pwani ya Mrima. Misafara ya pembe za ndovu ilishuka hapa ikitoka upande wa Kilimanjaro na Umasaini. Bondeni kando ya mto kulikuwa na mashamba ya miwa, na sukari ya Pangani ilisafirishwa kwa majahazi. Mji ulikuwa na waungwana, Waarabu wenye mashamba, wafanyabiashara Wahindi, wapagazi wanaopita, na watumwa.

Hapo ndipo swali "wewe mtoto wa nani?" lilipokuwa na makali. Leo linaamua kama utakopeshwa unga dukani. Wakati ule liliamua wewe ni mtu wa namna gani. Mwenye ukoo mjini alikuwa mwungwana, mwenyeji. Aliyetoka bara aliitwa mshenzi. Mtumwa aliyeletwa karibuni aliitwa mjinga, na aliyezaliwa pwani aliitwa mzalia. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyeandika habari za desturi za Waswahili mwanzoni mwa karne ya 20, anatuonyesha jinsi mambo hayo yalivyopangwa hadi kwenye mavazi na salamu. Hata neno kibarua, tunalolitumia leo bila kufikiri, lina historia humo: vibarua walikuwa watumwa waliojiajiri kwa watu wengine na kupeleka sehemu ya ujira kwa bwana.

Kwa hiyo tunaposema "zamani kila mtu alimjua mwenzake", ni kweli. Lakini kujulikana hakukuwa na maana moja kwa wote. Mmoja alijulikana kuwa mtoto wa fulani, mwingine alijulikana kuwa mali ya fulani.

Mwaka 1888 mji huu ulitikisa dola. Kampuni ya Kijerumani ilikuwa imepewa na Sultani wa Unguja mamlaka ya kuendesha pwani, na Agosti mwaka huo wakala wake Pangani, Emil von Zelewski, akaja na bendera na amri. Siku za Idd watu wake wakaingia msikitini na viatu, wakiwa na mbwa. Mji ukalipuka. Waliojitokeza hawakuwa waungwana peke yao. Walikuja watu wa vijijini na wa mashambani, wale ambao siku za kawaida wasingekaribishwa barazani. Abushiri bin Salim, mwenye shamba la miwa nje ya mji, akawa kiongozi wa vita vilivyoenea pwani nzima. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy akavitungia utenzi. Julai 1889 Wissmann aliuteka mji, na tarehe 15 Desemba mwaka huohuo Abushiri alinyongwa hapahapa Pangani.

Kilichoifanya Pangani iwe ndogo, hata hivyo, ni reli kuliko mizinga. Tanga ina bandari yenye kina, wakati mlango wa mto Pangani una fungu la mchanga linaloziweka meli kubwa mbali. Mwaka 1893 Wajerumani wakaanza kujenga reli kutoka Tanga, na mwaka 1911 ikafika Moshi. Mizigo ya Kilimanjaro ikabadili njia, na wafanyabiashara wakaifuata. Pangani ikabaki kilomita 50 hivi kutoka Tanga, ikitazama mto wake.

Katika mwaka uleule wa 1893 jambo jingine lilitokea ng'ambo ya mto. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu kabisa na Pangani. Kutokana na miche hiyo ikaja biashara iliyotawala uchumi wa Tanganyika kwa miongo kadhaa. Watu waliletwa kutoka mbali kuja kuikata, wakaitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alikuwa na namba yake. Huo ndio upande wa pili wa swali letu. Mjini ulijulikana kupita kiasi, na shambani hukujulikana kabisa. Lakini namba haiulizi babu yako alikuwa nani, na siamini kwamba kwa kila aliyeibeba ilikuwa hasara tupu.

Utumwa ulikufa polepole. Wajerumani waliamua kwamba watoto watakaozaliwa baada ya 1905 wawe huru, kisha Waingereza wakaufuta mwaka 1922. Sheria ikafutwa, kumbukumbu haikufutwa.

Najua, kwa sababu miaka kumi hivi iliyopita binamu yangu alipeleka posa kwenye nyumba moja ya mjini. Kijana ana kazi, ana adabu, anasali. Jibu lilikuja kwa kuzungushwa, kama majibu ya pwani yanavyokuja, ila maana yake ilikuwa moja: "Ukoo wao tunajua ulikotoka." Hakuna aliyetamka neno utumwa. Halikuhitajika kutamkwa. Binamu alihamia Dar, akaoa huko kwa watu ambao hawakujua wala hawakujali. Sasa ana watoto wawili.

Ningeishia hapo, makala ingekuwa rahisi: mji mdogo mbaya, mji mkubwa huru. Sasa sikiliza yaliyotokea mama yake binamu alipofariki. Habari ilitoka alfajiri. Kufikia saa tatu turubai lilishafungwa, sufuria zimeshakusanywa, kaburi limeshachimbwa. Binamu alipofika na basi la mchana hakuombwa hata shilingi. Na miongoni mwa walioshuka kaburini kumpokea marehemu alikuwa yule mzee aliyetuma lile jibu. Alilia kwelikweli. Wala hakuwa mnafiki, hiyo ndiyo inayonisumbua. Aliujua ukoo wetu kwa kuukataa, akaujua kwa kuuzika, na daftari ni lilelile moja.

Watu huorodhesha faida za mji mdogo upande huu na hasara upande ule, kana kwamba unaweza kuchukua kapu moja ukaliacha jingine. Pangani imenifundisha kwamba ni kapu moja. Anayekukopesha unga kwa sababu anamjua babu yako ndiye atakayekunyima binti kwa sababu hiyohiyo.

Lakini historia hiyohiyo inanipa moyo kidogo. Mwaka 1888, kwa wiki chache, watu wasiokaribishwa barazani walisimama pamoja na wenye baraza, na mji ukawa wa wote. Kwa hiyo nani ni "wa kwetu" haikuandikwa juu ya jiwe. Imewahi kubadilika, na waliobadilisha ni watu.

Safari ijayo nitampeleka binti yangu. Ana miaka sita, na tukiwa kwenye pantoni lazima mtu atamuuliza yeye ni mtoto wa nani. Nataka ajibu kwa sauti, alipiwe na nauli ya bodaboda. Nitakaa Pangani siku nitakapoamini kwamba jibu lake haliamui zaidi ya hapo. Kwa sasa nimemwambia mama tuanze na msingi.