Mwenye Pesa Aombe Nini?

Msomaji, ukivuka mpaka pale Namanga au Lungalunga ukaenda kukaa Tanzania, hutahitaji mkalimani. Mwenye duka atakuelewa, nawe utamwelewa. Lakini hazitapita siku nyingi nawe utaona kwamba watu wanageuza shingo kidogo kila ufunguapo kinywa. Umesema, "Nipe kilo ya sukari," na pesa umezishika mkononi. Hukumtukana mtu. Anayekuja nyuma yako asema, "Samahani, naomba kilo ya sukari," ilhali naye pesa anazo. Basi Mkenya wa bara hujiuliza moyoni: mwenye pesa aombe nini?

Swali hili lafaa kuchunguzwa, maana wengi wamezoea kulijibu kwa mkato wakasema kwamba Wakenya ni wakali na Watanzania ni wapole. Jibu hilo silikubali. Tabia ya watu si kama rangi ya udongo, iwe nyekundu upande huu wa mpaka na nyeusi upande wa pili. Hapana budi tuulize ni nani aliyewafundisha babu zetu Kiswahili, na alitaka wakitumie kwa kazi gani.

Kwanza tuzitazame desturi zenyewe. Huko kijana hampiti mzee bila kusema "Shikamoo," na mzee huitikia "Marahaba." Wengi husema kwamba asili ya neno hilo ni kushika miguu, na kwamba hapo kale lilikuwa salamu ya mtumwa kwa bwana wake. Ikiwa ni kweli, basi limesafiri mbali sana, maana leo hata waziri humwamkia hivyo mwanamke mzee auzaye ndizi kando ya njia. Tena ukionekana umebeba mzigo, utaambiwa "Pole." Ukitoka kazini, "Pole na kazi." Ukishuka katika basi, "Pole na safari." Mgeni kutoka Nairobi hushangaa anapewa pole ya nini, naye hajafiwa wala hajaumwa. Nilipokaa Tanga nilijifunza kwamba neno hilo halingoji msiba: maana yake ni kwamba mwenzako ameiona taabu yako, hata ikiwa ndogo.

Jihadhari pia na maneno ya ukoo. Ukisema, "Namtafuta bibi yangu," wewe ukiwa na maana ya mke uliyemwoa, wao wataangaza macho wakitafuta ajuza mwenye mkongojo. Na ukisema kwamba nyanya yako ni mgonjwa, pengine watakushauri uitupe ununue nyingine sokoni.

Sasa turudi nyuma. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilitoka Bagamoyo ikapita Tabora hadi Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Biashara hiyo ilikuwa ya pembe za ndovu na ya watu pia, na ukatili wake hausahauliki. Lakini wapagazi wengi walikuwa watu wa bara wenyewe, hasa Wanyamwezi, nao walirudi makwao na lugha ya pwani pamoja na adabu zake: jinsi ya kubisha hodi, jinsi ya kuamkia, jinsi ya kuomba. Aliyejua mambo hayo alihesabiwa kuwa mwungwana.

Wajerumani walipoitwaa nchi hiyo walikikuta Kiswahili kimekwisha tandaa, wakakitumia. Walifungua shule ya serikali huko Tanga katika miaka ya 1890, na gazeti la Kiongozi likaanza kupigwa chapa hapo mwaka 1904. Makarani na maakida waliopelekwa bara wengi wao walikuwa watu wa pwani. Usidhani ya kuwa utawala ule ulikuwa wa upole. Viboko vya "hamsa ishirini" vinakumbukwa hata leo, na Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 viliangamiza watu wengi mno. Nisemalo ni hili tu: mtu wa bara huko, alipojifunza Kiswahili, mara nyingi alijifunza kwa Mwafrika mwenzake. Baadaye chama cha TANU, kilichoundwa mwaka 1954, kikahutubia mikutano kwa lugha hiyo hiyo, na watu wakaitana "ndugu." Tarehe 10 Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alilihutubia Bunge kwa Kiswahili. Basi mkulima akakisikia kinywani mwa Rais kama akisikiavyo kisimani.

Kwetu mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Ziwa Viktoria mwaka 1901, na nyuma yake wakaja masetla. Katika mashamba ya kahawa na katika majiko ya Wazungu, Mkikuyu, Mluhya, Mkalenjin na Mjaluo walikutana na Kiswahili mara ya kwanza kikiwa amri. Lete maji. Funga mlango. Pesi pesi. Mwaka 1936 kilitolewa kitabu cha F. H. Le Breton cha kufundishia Kiswahili cha bara, na jina lake lenyewe lilitaja kilikokusudiwa: askari, setla, mchimba madini, mfanyabiashara, na wake zao. Mkulima na mpishi hawakutajwa kama wanafunzi, maana wao walikuwa watu wa kuambiwa. Na Mwafrika aliyethubutu kumsemesha setla kwa Kiingereza aliweza kujibiwa kwa Kiswahili kilichovunjika, apate kukumbuka mahali pake.

Sikiliza jinsi tunavyoitana hata leo. Mtanzania husema "Njoo" na "Nenda." Sisi wa bara twasema "Kuja hapa" na "Enda." Setla naye, ambaye hakujisumbua na sarufi, alisema "Kuja." Sidai kwamba neno hilo lilitoka kwake peke yake, kwa kuwa kila mtu ajifunzaye lugha bila mwalimu hurahisisha mambo. Lakini ulinganifu huo wanifikirisha.

Wala haimaanishi kwamba babu zetu hawakuwa na heshima. Walikuwa nayo tele, ila waliiweka katika lugha zao wenyewe na hata katika mwili. Mtoto wa Kimasai humwinamia mzee ili aguswe kichwani. Adabu hiyo haihitaji hata neno moja. Kiswahili kilikuwa cha kazini, na adabu ikabaki nyumbani.

Nenda Mombasa au Lamu nawe utaona kwamba mpaka niusemao si ule uliochorwa kati ya nchi mbili. Huko utaulizwa hali yako, ya watu wa nyumbani, na ya safari, kabla hujaulizwa shida yako. Na Kiswahili cha vitabu mkisomacho shuleni kilichaguliwa hapo hapo Mombasa, katika mkutano wa mwaka 1928, ijapokuwa lahaja iliyoshinda ilikuwa ya Unguja wala si ya Mvita, jambo ambalo wazee wa Mombasa hawakulifurahia. Mitihani ya Kiswahili ikawa lazima kwa shule zote za Kenya kuanzia mwaka 1985. Kizazi kilichosoma tangu hapo chajua kuandika "naomba" bila kosa katika insha. Kulisema dukani ni habari nyingine.

Huko Namanga, mji ambao mpaka umeupasua katikati, nilimkuta mwanamke mmoja auzaye chai kwa abiria wa pande zote mbili. Mmoja alisema, "Leta chai mbili." Mwingine akasema, "Mama, naomba chai." Aliwamiminia wote wawili sawasawa, kisha, bila kuwauliza, akamrudishia wa kwanza chenji kwa shilingi za Kenya na wa pili kwa shilingi za Tanzania.