Setilaiti Iliyobeba Jina Letu

Tarehe 12 Desemba 1970 Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru. Siku hiyo hiyo, kwenye jukwaa la chuma lililosimama baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, Waitaliano waliwasha roketi ya Kimarekani aina ya Scout. Kichwani mwa roketi kulikuwa na setilaiti ya kilo 142 hivi, ambayo kwenye makaratasi ya NASA iliitwa SAS-A. Marjorie Townsend, mwanamke wa kwanza Marekani kusimamia mradi wa setilaiti, akaipa jina lingine kwa heshima ya siku yenyewe na ya nchi iliyowakaribisha: Uhuru.

Hadithi hii ikisimuliwa, kama inasimuliwa kabisa, huwa inaishia hapo. Jina zuri, makofi, basi. Ni kama kusimulia harusi ukaishia kwenye kadi ya mwaliko. Mimi kinachonishika ni kile ambacho setilaiti hiyo iliona ikifika juu, kwa sababu kilibadilisha jibu la swali rahisi sana: vitu vilivyomo angani viko wapi hasa?

Kwanza, kwa nini Ngomeni? Hatukuchaguliwa kwa uzuri wa ufuo wetu. Karibu na ikweta dunia inazunguka kwa kasi ya kilomita zaidi ya 1,600 kwa saa, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki huikopa kasi hiyo bure. Kwa roketi ndogo kama Scout, hilo si jambo dogo. Halafu setilaiti inayozunguka juu ya ikweta, chini chini, hukwepa eneo la Atlantiki ya Kusini ambako chembe za mnururisho hushuka karibu na dunia na kuvuruga vipimo. Luigi Broglio, Mwitaliano aliyebuni mradi wa San Marco, aliliona hilo mapema. Setilaiti ya kwanza kutoka majukwaa yale ilipaa mwaka wa 1967, na kufikia 1988 zilikuwa tisa. Tisa! Na mimi shuleni nakumbuka kufundishwa kuhusu nguzo ya Vasco da Gama tu, kana kwamba Malindi ilifunga shughuli baada ya Wareno.

Sasa, eksirei. Ile ya hospitali hupita kwenye nyama na kukwama kwenye mfupa. Zile zinazotoka angani hazipiti hata kwenye hewa yetu. Angahewa inazimeza zote kabla hazijafika chini, na ni vizuri, la sivyo tusingekuwa hapa. Ukitaka kuziona lazima upande juu ya hewa. Mwaka wa 1962 Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi kutoka New Mexico iliyochungulia kwa dakika chache tu kisha ikaanguka. Katika dakika hizo wakapata chanzo kikali cha eksirei nje kabisa ya mfumo wa jua letu. Kwa miaka minane iliyofuata, kazi ilikuwa hiyo: kuchungulia na kuanguka. Uhuru ndiyo iliyokuwa setilaiti ya kwanza iliyojengwa kwa kazi ya eksirei za angani peke yake, ikakaa juu, na kuendelea kutazama hadi Machi 1973.

Lakini kuna uvumi mwingine uliokuwa umetangulia, na huu ulikuja kwa redio.

Galaksi hazipendi upweke. Nyingi hujikusanya katika vishada, mamia au maelfu pamoja, zikishikiliwa na mvutano wa pamoja. Kishada cha Coma, kilicho umbali wa miaka ya mwanga milioni 320 hivi, kina galaksi zaidi ya elfu moja. Mwaka wa 1933 Fritz Zwicky alipima kasi za galaksi za Coma akakuta zinakimbia mno. Uzito wa nyota zilizoonekana haukutosha kuzizuia zisitawanyike. Hesabu ilikuwa na shimo.

Mwaka wa 1959 Michael Large, Don Mathewson na Glyn Haslam, wakitumia darubini kubwa ya redio ya Jodrell Bank huko Uingereza, waliripoti kwamba Coma inatoa mawimbi ya redio ambayo yametanda. Mwaka wa 1970 vipimo vikali zaidi kutoka Cambridge vikathibitisha: ukiondoa redio ya kila galaksi moja moja, kinabaki kitu kama ukungu. Fikiria umezima taa za Githurai usiku, nyumba kwa nyumba, kibanda kwa kibanda, halafu ukute bado kuna mwangaza hewani. Ukungu huo wa redio hutoka kwa elektroni zinazokimbia karibu na kasi ya mwanga na kupindwa na sumaku hafifu iliyosambaa kati ya galaksi. Kumbe kati ya galaksi na galaksi hapakuwa patupu.

Mwaka uliofuata, Uhuru ikaongeza lake. Setilaiti hiyo haikuwa na kioo wala picha. Ilikuwa na masanduku mawili ya kuhesabia eksirei, na yenyewe ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika kumi na mbili hivi. Chanzo kidogo kikipita mbele ya sanduku, hesabu hupanda na kushuka kwa mpangilio unaojulikana. Vishada vya Virgo, Perseus na Coma havikufanya hivyo. Hesabu ilipanda mapema ikachelewa kushuka. Yaani chanzo kilikuwa kipana, kwa mamia ya maelfu ya miaka ya mwanga na zaidi. Hiyo haikuwa galaksi moja inayong'aa. Kishada chenyewe ndicho kilichokuwa kinang'aa.

Hapo ugomvi ukaanza, na naupenda ugomvi huu kwa sababu pande zote mbili zilikuwa na akili. Wengine walisema: tayari tunajua kutoka redio kwamba kuna elektroni za kasi huko. Elektroni hizo zikigonga miali hafifu iliyobaki tangu mwanzo wa ulimwengu, ile iliyogunduliwa mwaka wa 1965, zitaisukuma mpaka iwe eksirei. Redio na eksirei, mama mmoja. Wengine wakasema hapana, hii ni gesi ya kawaida, nyembamba lakini yenye joto la nyuzi makumi ya milioni, na gesi ya joto hilo lazima itoe eksirei yenyewe tu. Vipimo vya Uhuru peke yake havikuweza kuamua.

Jibu lilitoka tena Ngomeni. Tarehe 15 Oktoba 1974, kutoka majukwaa yale yale, roketi nyingine ya Scout ilibeba setilaiti ya Waingereza, Ariel 5. Ndani yake kulikuwa na chombo cha maabara ya Mullard ya chuo cha University College London. Mwaka wa 1976 kundi la maabara hiyo likatangaza kwamba eksirei za Perseus zina alama ya chuma. Kila elementi ikichemshwa hutoa mwanga wa kipimo chake, kama saini. Elektroni za kasi zinazogonga miali ya kale haziwezi kuandika saini ya chuma. Gesi ya moto inaweza. Ugomvi ukaisha.

Na chuma hicho kilikuwa na habari yake. Chuma hupikwa ndani ya nyota. Kwa hiyo sehemu ya gesi ile ilishawahi kupita ndani ya nyota, nyota zikalipuka, na mabaki yakamwagika nje ya galaksi. Gesi yenyewe ni nyembamba kuliko utupu wowote tunaoweza kutengeneza maabara, chembe elfu moja hivi kwa kila mita moja ya ujazo. Lakini eneo ni kubwa kiasi kwamba katika vishada vikubwa gesi hiyo ina uzito mara kadhaa ya nyota zote za galaksi zote zikiwekwa pamoja. Shimo la Zwicky haikulijaza, hilo bado ni deni la maada ya giza. Lakini kama unahesabu maada ya kawaida, ile iliyotuunda mimi na wewe, basi katika vishada nyota ni wachache, na watu walikuwa wameitazama anga maelfu ya miaka wakidhani nyota ndizo hadithi yenyewe.

Redio ilirudi baadaye kwa mlango mwingine. Katikati ya Perseus kuna galaksi ya NGC 1275, na ndani yake shimo jeusi linalotapika mikondo inayong'aa kwa redio. Picha za eksirei zilionyesha gesi ya moto ikiwa na mapovu, na mapovu hayo yamejaa redio. Mikondo inaisukuma gesi, na msukumo huo unasambaa kama mawimbi. Mwaka wa 2003 wanaastronomia waliotumia darubini ya Chandra walisema ni sauti, noti iliyo oktava 57 chini ya C ya katikati ya piano. Ile sauti ya kutisha iliyozunguka mitandaoni mwaka wa 2022, watu wakiitilia memu? NASA ilikuwa imeipandisha mpaka masikio yetu yaipate. Bila msukumo huo gesi ya katikati ingepoa na kuzaa nyota kwa wingi usioonekana pale.

Data ya Uhuru ilichambuliwa Massachusetts. Giacconi alipata Nobeli mwaka wa 2002, na aliistahili. Aprili 2023 Kenya ilirusha setilaiti yake, Taifa-1, kutoka California. Yaani setilaiti ya Wamarekani yenye jina la Kiswahili ilipaa kutoka bahari yetu, na yetu yenye jina la Kiswahili ikapaa kutoka kwao. Sijui kama nicheke.

Orodha ya mwisho ya Uhuru, ya nne, ilitoka mwaka wa 1978 ikiwa na vyanzo 339. Kila kimoja kina namba inayoanza na 4U, na U hiyo ni Uhuru. Wanaastronomia bado wanaziandika. Perseus ni 4U 0316+41. Coma ni 4U 1257+28.