Umbali Nao ni Ugonjwa: Ngara, Biharamulo na Historia ya Tiba ya Ubongo

Mjadala wa afya nchini mwetu huanza na kuishia kwenye majengo. Hospitali ikizinduliwa tunahesabu vitanda na mabilioni. Ni nadra kuuliza mgonjwa wa Ngara au Biharamulo ataifikia baada ya saa ngapi. Upo ugonjwa unaolifichua swali hilo: anurisimu ya ateri zinazolisha serebelamu, yaani ubongo mdogo wa kisogoni unaoratibu mwendo na mizani ya mwili.

Ateri hizo ni jozi tatu. Ukuta wa mojawapo ukidhoofika, huvimba mithili ya kifuko. Kikipasuka, mgonjwa hushikwa ghafla na maumivu makali ya kichwa, hutapika, hupepesuka na shingo hukakamaa. Kinaweza kupasuka tena, na hatari hiyo ni kubwa zaidi katika saa 24 za kwanza.

Tiba yake ilikuja polepole. Mwaka 1927 Egas Moniz wa Ureno alifaulu kuonyesha mishipa ya ubongo kwa eksirei. Mwaka 1931 Norman Dott, huko Edinburgh, alikizungushia kifuko kipande cha msuli. Mwaka 1937 Walter Dandy wa Baltimore akaibana shingo yake kwa klipu. Hata hivyo, mishipa ya nyuma, iliyojificha karibu na shina la ubongo, iliendelea kuogopwa. Mwaka 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, Charles Drake wa Canada alichapisha taarifa ya wagonjwa wanne aliowafanyia upasuaji kwenye ateri ya basila, ambamo hutoka baadhi ya matawi ya ubongo mdogo. Mwaka 1990, huko Los Angeles, mbinu ya Guido Guglielmi ilianza kutumika kwa wagonjwa: kuziba kifuko kwa koili za platinamu kupitia mrija unaoingizwa pajani, bila kufungua fuvu.

Nasi hatukukaa bure. Hospitali ya Bugando ilifunguliwa Mwanza mwaka 1971, mwaka uleule ambao CT scan ya kwanza ya mgonjwa ilifanyika London. Mwaka 1996 ilianzishwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ambayo leo ni kitovu cha upasuaji wa ubongo nchini. Lakini iko Dar es Salaam, ng'ambo ya pili ya nchi ukitazama kutoka Ngara, ambako kwa miaka mingi wananchi wamezitegemea hospitali za makanisa, Murgwanza na Rulenge.

Je, umbali huo ni kudra? Historia ya Ngara yenyewe inakataa. Mwishoni mwa Aprili 1994, zaidi ya watu 200,000 walivuka Rusumo wakitokea Rwanda ndani ya takribani saa 24. Mahema, madaktari na magari vikafika katika wilaya iliyokuwa ikihesabiwa kuwa mwisho wa nchi. Palipokuwa na nia, Ngara ilifikika.

Wapo watakaosema kuwa nchi maskini haipaswi kuhangaikia ugonjwa wa nadra wakati malaria ingalipo. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau jambo moja. Gari la wagonjwa, CT scan na simu ya kumfikia bingwa humwokoa pia dereva wa bodaboda aliyepasuka fuvu, mzee aliyepata kiharusi na mama aliyekwama katika uzazi.

Sehemu ya mnyororo huo imeanza kuungwa. Mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa mwaka 2021 ulisaidia kununua CT scan za hospitali za rufaa za mikoa. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa kusubiri kivuko kwa anayekimbizwa Bugando kutoka Biharamulo. Kwa mgonjwa huyo, daraja ni kifaa cha tiba. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 nayo ipo.

Kilichobaki ni kazi isiyokatwa utepe: kumfunza tabibu wa zahanati asiite kila maumivu ya ghafla ya kichwa malaria, kulijaza gari la wagonjwa mafuta, na kuhakikisha rufaa haisubiri familia iuze shamba. Watumishi wa umma wanaopanga bajeti za halmashauri wazihesabu saa, si vitanda pekee.