Darasa Linalojazwa na Waraka

Darasa la shule ya msingi upande wa Iyunga, magharibi mwa Jiji la Mbeya, likijaa hadi watoto kukaa chini, maelezo ya haraka ni kwamba mji umekua. Yana ukweli wake. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 385,279 katika jiji hilo, na ya 2022 ikahesabu 541,603, jambo lisiloshangaza kwa mji ulio kwenye barabara kuu ya Tunduma na reli ya TAZARA. Lakini mji hukua mwaka hadi mwaka, kama maji ya kisima wakati wa masika. Uandikishaji wa shule za msingi nchini haukupanda hivyo. Ulipanda kwa vishindo vitatu, na kila kishindo kilitanguliwa na uamuzi wa serikali, si na wingi wa vizazi.

Kishindo cha kwanza kilianzia Musoma, Novemba 1974, TANU, chama tawala cha wakati huo, ilipoamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa rika la shule awe darasani. Wakati wa Uhuru wanafunzi wa shule za msingi nchini hawakufika nusu milioni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wapatao milioni tatu. Nyanda za Juu Kusini, Mbeya ikiwamo, zilipokea mambo mawili makubwa karibu kwa mkupuo, maana TAZARA nayo ilikabidhiwa rasmi Julai 1976. Tofauti ni kwamba reli ilikuja na stesheni zake, ilhali amri ya elimu ilitangulia vyumba na walimu. Pengo likazibwa kwa zamu mbili na kwa vijana waliomaliza darasa la saba, waliofundishwa ualimu huku wakifundisha, ndio hao walimu wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, ambao watu waliwabeza kuliko walivyostahili. Uchumi ulipoanguka na wazazi wakaanza kuchangishwa tena, uandikishaji ukarudi nyuma. Kishindo cha pili kilikuja ada ilipofutwa, ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) wa 2002: wanafunzi wapatao milioni 4.4 mwaka 2000 wakawa milioni 7.5 mwaka 2005, na mwalimu aliyekuwa na wastani wa watoto 41 akajikuta na karibu 60. Darasa la kwanza likachanganya watoto wa miaka saba na waliokwisha kupevuka.

Wapo watakaosema zamani darasa lilikuwa dogo na watoto waliiva. Lilikuwa dogo kwa sababu wengi hawakuingia, na walioingia walichujwa na mtihani wa darasa la nne. Sifa ya darasa lile ililipwa na waliobaki nje. Hata nafuu iliyokuja baadaye ina kasoro hiyohiyo. Uwiano uliposhuka hadi watoto 43 kwa mwalimu mwaka 2014, walimu walikuwa wameongezeka kweli, lakini wanafunzi nao walikuwa wamepungua: wimbi la MMEM lilikuwa limekwisha kupita, na michango ya shule ilikuwa ikiwabakiza wengine nyumbani. Ushahidi ni kishindo cha tatu, Januari 2016, Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ulipoanza kutekelezwa na michango ya lazima ikakoma. Darasa la kwanza lilifurika nchi nzima, na watoto wale hawakuzaliwa usiku mmoja.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba wastani wa taifa hausemi habari za Iyunga. Ni kweli. Lakini hata rejesta ya shule moja ina hila zake. Shule ikizidiwa, desturi yetu ni kuigawa, mara nyingine ndani ya uzio uleule, na idadi ya shule mama hushuka ghafla bila mtoto hata mmoja kuhama mtaa. Anayetaka kujua mwenendo wa kweli wa kata hana budi kuzijumlisha mama na binti zake, kisha ahesabu vyumba, si majina ya shule.

Kishindo kijacho kinajulikana tarehe yake. Kwa mtaala ulioanza 2024, darasa la sita na la saba watahitimu pamoja mwaka 2027, na baada ya hapo shule ya msingi itakuwa ya miaka sita. Mwaka 2028 vyumba vya darasa la saba vitabaki wazi, msongamano utapungua kwenye takwimu bila tofali kuongezwa, na foleni itakuwa imehamia mlango wa sekondari.