Kutoka Kuhesabu Taa Hadi ELM327: Fundi wa Eldas na Kompyuta ya Gari

Taa ya injini ikikuwakia ukiwa Eldas, kaunti ya Wajir, Nairobi iko zaidi ya kilometa 500. Unamwendea fundi aliye karibu. Swali langu leo: fundi huyu aliwezaje kuanza kusikia gari linasema nini?

Mafundi wa kaskazini wanaijua vizuri Toyota Land Cruiser ya injini ya 1HZ, iliyoanza kutumika mwaka 1990. Pampu yake ya dizeli haingoji amri ya kompyuta. Fundi husikiliza mlio, hutazama moshi, basi. Magari madogo ya petroli yanayoshushwa Mombasa ni mambo mengine. Humo kompyuta ndiyo inayopima mafuta na hewa.

Zamani kila kampuni ilikuwa na lugha yake. Kwenye Toyota nyingi, fundi aliunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, kisha akahesabu taa inavyomweka. Mabadiliko yalitoka California, tena kwa sababu ya hewa chafu, wala si kwa kumhurumia fundi. Masharti ya kwanza yaligusa magari ya modeli ya 1988. Kuanzia modeli za 1996, Marekani yote ilidai OBD-II: soketi moja ya pini 16 na misimbo inayofanana. Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli.

Mwaka 2005 kampuni ya Elm Electronics ya Kanada ikatoa ELM327, chipu inayogeuza itifaki hizo kuwa maandishi ya kawaida. Kwetu sisi waandika programu, raha tupu! Unatuma 01 0C, gari linajibu 41 0C 0B B8. Geuza 0BB8 kuwa 3000, gawanya kwa 4: injini inazunguka mara 750 kwa dakika.

Toleo la kwanza halikukingwa dhidi ya kunakiliwa. Nakala za bei rahisi zikajaa duniani, na mwaka 2022 Elm ikafunga milango. Hapa nafsi yangu haitulii. Mwenye jasho alidhulumiwa, na kwa dhuluma hiyo hiyo fundi mwenye simu na kifaa kidogo akapata macho.

Lakini macho si akili. Msimbo P0171 husema tu kwamba mafuta ni machache kuliko hewa. Kwenye vumbi, huenda sensa ya kupima hewa imechafuka na inahitaji kusafishwa tu. Asiyejua atakununulisha sensa ya oksijeni bure. Tena baadhi ya magari ya soko la Japani yana soketi ile ile, lakini hayazungumzi OBD-II kikamilifu.

Sheria ilifungua soketi, chipu ikafungua lugha. Lililobaki ni letu: programu inayomweleza fundi wa Eldas maana ya P0171, na aanzie wapi kukagua, kwa Kiswahili na Kisomali. Nani ataiandika kama si sisi?